Kijiji Kilichoegemea Jabali

Upande wa kusini-magharibi wa nchi ya Ufaransa, kando ya mto Dordogne, kipo kijiji kiitwacho La Roque-Gageac. Wenyeji wake ni wachache, wapatao 400 tu, na nafasi waliyo nayo ni finyu mno: mbele yao mto, nyuma yao jabali refu lililosimama wima kama ukuta. Nyumba zimebanana katikati, nyingine zimepandiana mtelemkoni, na barabara inapita ukingoni kabisa mwa maji.

Jabali hilo ni la mawe ya chokaa yenye rangi ya manjano, na nyumba zimejengwa kwa mawe ya namna hiyo hiyo, hata jua linapotua ni vigumu kutambua mahali ukuta wa binadamu unapokoma na ukuta wa Mungu unapoanza. Tena, kwa kuwa limeelekea kusini, jabali huzuia upepo wa baridi utokao kaskazini na kuhifadhi joto la jua. Ndiyo sababu kijijini humo hustawi mitende, mianzi, hata migomba, jambo la ajabu katika nchi ambayo theluji huanguka. Migomba hiyo, lakini, ni ya pambo. Hakuna aitegemeaye kwa chakula.

Zamani jabali lilikuwa ngome pia. Juu sana, ndani ya pango, watu walijenga kuta tangu karne ya 12, na adui alipokuja walikwea huko kwa ngazi.

Riziki yao, hata hivyo, ilitoka mtoni. Mto Dordogne huanza katika milima ya kati ya Ufaransa, na kabla ya reli kujengwa ndio uliokuwa njia kuu ya biashara. Mashua zenye kitako bapa, ziitwazo gabare, ziliteremka zimebeba mbao za mwaloni za kutengenezea mapipa ya mvinyo. Zile zilizotoka mbali juu ya mto hazikuweza kurudi kwa ukali wa maji, basi zilipofika chini zilivunjwa na kuuzwa kama mbao, na mabaharia wake wakarejea makwao kwa miguu. Safari ya kwenda ilikuwa ya hatari, na ya kurudi ilikuwa ya kuchosha. Zilipopanda, mashua nyingine za sehemu za chini zilileta chumvi, zikikokotwa kwa kamba. Reli ilipofika katika karne ya 19, kazi hiyo ilikufa. Siku hizi mashua za namna ile hubeba watalii, nao hulipa vizuri kuliko mbao.

Lakini jabali lililowakinga watu hawa ndilo lililowaua. Mwezi wa Januari mwaka 1957 kipande kikubwa kilimeguka kikaangukia kijiji. Nyumba kadhaa zilisagwa, watu watatu wakafa, na barabara ikazibwa kwa mawe. Mtu angedhani kwamba waliosalia wangehama. Hawakuhama, kijiji kilitengenezwa tena pale pale, na hata leo mwenye kutazama juu huliona kovu mahali jiwe lilipotoka, rangi yake ikiwa nyeupe kuliko mahali pengine. Mwaka 2010 mawe yalianguka tena, safari hii katika ile ngome ya pangoni, nayo ikafungwa wageni wasipande.

Mto nao haujaacha desturi yake. Mabwawa makubwa ya umeme yamejengwa sehemu za juu, na mengine yalikamilika kabla ya mwaka 1957. Hata hivyo mvua za majira ya baridi zikizidi, maji hupanda mpaka barabarani. Hapo wenye nyumba za ukingoni huchukua viti, magodoro na magunia yao, wakavipandisha ghorofani, upande wa jabali.