KUMNENEPESHA MBWA SI KUMFUGA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika katika kurasa hizi juu ya ufugaji wa sungura, akasifiwa sana. Nami naomba nafasi niseme juu ya mbwa. Si kila mbwa, bali wale wakubwa wa kigeni ambao siku hizi watu wa mijini huwanunua ili walinde nyumba na maduka. Najua wako wasomaji ambao kwao mbwa hafugwi kwa sababu ya dini; hao watanisamehe, au wasome tu, maana huenda jirani anaye.

Maoni yangu ni haya: twawaharibu mbwa hawa kwa kuwapenda vibaya. Twataka mtoto wa mbwa wa miezi sita awe na umbo la mbwa mzima, na tukilipata twajisifu, ilhali mifupa yake haijawa tayari kuubeba mwili huo. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona kwetu, na mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa wenye kujisifu.

Mwezi wa Desemba 2024, baada ya duka la Baba la vifaa vya ujenzi kuvunjwa mara mbili, Baba alinunua mtoto wa mbwa wa aina ya Boerboel, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, mbwa wa kulinda mashamba ya huko. Alikuwa na umri wa wiki nane na uzito wa kilo 8, kichwa kama chungu, ngozi imemzidi kama shati la kuazima. Dume la aina hii likikomaa hupita kilo 60 bila taabu. Baba akamwita Kifaru, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa na kazi moja, kumfanya afanane na jina lake.

Baba Mdogo, ambaye hufuga kuku wa mayai, akasema kwamba mbwa mkubwa ataka mifupa mikubwa, na mifupa hutokana na chokaa. Basi kila siku katika sufuria ya ugali, dagaa na utumbo tukatia konzi moja ya chokaa ya mifugo na nyingine ya unga wa mifupa, kama vile yeye achanganyavyo chakula cha kuku wake. Juu ya hayo akapewa maziwa. Sufuria ikiisha, yajazwa tena. Nilipokuja likizo fupi ya Aprili 2025 tukampima kwa mzani wa magunia, akafika kilo 43, naye ana miezi sita tu! Majirani walikuja kumtazama kama watu wanaotazama gari jipya. Nami kila alfajiri nalimkimbiza nyuma ya baiskeli mpaka darajani, kilomita sita kwenda na kurudi, ati apate misuli.

Mwezi wa Juni nilipofika nyumbani Kifaru hakuja kunilaki. Alikuwa amelala chini ya mwembe. Akapiga mkia mavumbini, akajaribu kuinuka, na mguu wa mbele wa kushoto ukamkatalia. Miguu yote miwili ya mbele ilikuwa imepinda kwa nje toka kwenye vifundo, kama ya meza iliyobebeshwa mzigo mkubwa. Baba alidhani amepigwa jiwe. Mama peke yake ndiye aliyesema, “Mwiteni daktari, huyu mtoto anaumwa.”

Daktari wa mifugo alipokwisha kumpapasa viungo, jambo la kwanza aliloulizia ni chakula. Baba akamweleza kwa fahari. Yule bwana akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mzee, chokaa hiyo mpe kuku.”

Alivyotufahamisha ni hivi. Mfupa wa mnyama mchanga hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini ambalo hugeuka kuwa mfupa kidogo kidogo. Katika mbwa wadogo kazi hiyo huisha mapema. Katika mbwa wakubwa huendelea hata mwaka wa kwanza ukapita, pengine mwaka na nusu. Sasa, mbwa mzima akila kalsiamu kupita kiasi, tumbo lake huchukua inayomtosha na nyingine huitoa. Mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi sita, hana uwezo wa kuikataa. Nyingi huingia mwilini, na ikizidi huivuruga ile kazi ya gegedu kugeuka mfupa. Basi chokaa tuliyoitia ili mifupa iwe imara ndiyo iliyoiharibu. Tena uzito wa mafuta uliikandamiza kutoka juu, na mbio za baiskeli yangu ziliigonga kutoka chini.

Wala mtu asidhani kwamba dawa yake ni nyama tupu. Nyama, utumbo na pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo tu mifupa yake huwa laini, ikavunjika kama bua. Kinachotakiwa ni viwili hivyo kulingana. Mijini kuna chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa, na mfuko wake umeandikwa hivyo. Ni ghali, sikatai. Lakini anayeweza kukinunua asiongeze chokaa hata chembe, maana imekwisha pimwa humo ndani. Na asiyeweza, amwombe daktari wa mifugo ampangie mchanganyiko, asiende kuuliza mfugaji wa kuku. (Baba Mdogo ataisoma makala hii, naye anajua kwamba nampenda.)

Mwalimu wetu wa Baiolojia alinisaidia kutafuta yaliyoandikwa na wataalamu. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1974 walitoa habari za watoto wa mbwa wa aina ya Great Dane, ambao ni warefu kupita Kifaru. Wengine waliachiwa kula watakavyo, wengine wakapewa theluthi mbili tu za chakula hicho. Waliokula watakavyo walikua upesi zaidi, nao ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya mifupa. Kisha wako Labrador 48 waliolelewa wawili wawili, mmoja akipewa chakula kilichopungua robo kuliko cha mwenzake, tangu utoto hata kufa. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na nyonga zao zilikuwa nzima kuliko za wenzao. Hawakuwa wenye njaa; walikuwa wembamba tu.

Hapo ndipo Baba na mimi tunapogombana, kwa adabu. Yeye asema, “Mbwa mwembamba mwizi hamwogopi.” Najibu kwamba urefu na upana wa mbwa hutokana na wazazi wake, chakula cha kiasi humchelewesha kufika, hakimzuii. Mbavu zake zisionekane kwa mbali, lakini ukimpitishia kiganja uzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu awe na kiuno. Kifaru mwezi wa Aprili hakuwa na kiuno. Alikuwa pipa, nasi tukapiga makofi. Na mazoezi ni vivyo hivyo. Acheze apendavyo kwenye majani na alale akichoka. Mbio ndefu na kurukaruka ngazi zingoje mpaka mifupa ikomae.

Chanjo sitasema mengi, kwa kuwa mabwana mifugo huzitangaza kila mwaka. Ile ya parvo huanza wiki ya 6 au ya 8 na kurudiwa hata apite wiki 16, na ya kichaa cha mbwa aghalabu hupigwa akiwa na miezi mitatu. Asiyeweza kulipia hizo asinunue mbwa.

Lakini liko kosa la pili ambalo halionekani miguuni. Watu wengi huamini kwamba mbwa wa ulinzi asionane na watu, ati atawazoea wezi. Basi hufungwa ndani ya kibanda mchana kutwa tangu akiwa mdogo. Wataalamu wasema kwamba tangu wiki ya 3 hata kama ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani: watoto wanaokimbia, mwanamke mwenye mwavuli, pikipiki. Asipoviona wakati huo, baadaye huviogopa vyote, na mbwa wa kilo 60 mwenye hofu huuma bila kuchagua. Kifaru alinusurika katika hili tu, kwa sababu dada yangu mdogo, mwenye miaka tisa, alikuwa akimfungulia kila arudipo shuleni, Baba akiwa dukani. Alichapwa kwa hilo mara mbili. Mimi nasema alistahili zawadi.

Sasa Baba ana shauri la kumpa mtu Kifaru na kununua mwingine Desemba, kwa muuzaji yule yule ambaye hutangaza uzito wa watoto wake kama mtu auzaye ng'ombe wa kuchinjwa. Ni fedha yake, na duka ni lake. Mimi ni mtoto wala siwezi kumwamrisha. Namwomba tu, mbele ya wasomaji wote, angoje mpaka huyu atimize mwaka na nusu ndipo aamue. Daktari amesema miguu haitanyooka kabisa, lakini maumivu yaweza kupungua uzito ukipungua.

Jumapili iliyopita nalipiga simu nyumbani kwa ruhusa ya mlezi wa bweni. Dada akaniambia kwamba Kifaru sasa hupewa bakuli mbili kwa siku, asubuhi na jioni, bila chokaa. Kwamba amepata kiuno. Na kwamba usiku wa Ijumaa alisikia mtu langoni, akaenda kwa miguu yake mwenyewe, akichechemea, akabweka hata Baba akatoka na tochi.