Dathon Si Bubu: Jibu kwa Wanaomdharau Nahodha wa Watamaria

Waama, kwa wapenzi wa tamthilia ya anga iitwayo Star Trek, swali lisilokauka ni hili: kati ya wahusika wote waliopita humo kama wageni, wakaonekana kipindi kimoja au viwili kisha wakaenda zao, nani aliye bora? Mimi nimestaafu, muda ninao, na wajukuu wamenionesha tamthilia hiyo jioni baada ya jioni, kwa hiyo sioni haya kuingia ulingoni. Majibu nimeyasikia. Wengi humtaja Khan, wengine Q. Juzi kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye leo naye ni mwalimu wa Kiswahili, alinitembelea. Aliposikia kwamba mimi namchagua Dathon alicheka, akasema: “Shikamoo tena Mwalimu, lakini yule si mhusika. Yule ni bubu anayetaja majina ya watu.” Marahaba, mwanangu. Sasa kaa usikilize.

Kwa wasiokijua kisa, ni hiki. Kipindi kiitwacho Darmok kilirushwa mwaka 1991, katika msimu wa tano wa Star Trek: The Next Generation. Mwandishi wake ni Joe Menosky, na Dathon aliigizwa na Paul Winfield. Chombo cha Enterprise, chini ya Nahodha Picard, kinakutana angani na Watamaria, au Wana wa Tama, watu waliokwisha kukutana na binadamu mara kadhaa na kila mara wakaachana bila kuelewana. Mtambo wa kutafsiri unafanya kazi yake barabara. Kila neno latoka wazi. Lakini kinachotoka ni fulani na fulani huko mahali fulani, fulani aliyekunjua mikono, fulani siku kuta zilipoanguka. Dathon, nahodha wa Watamaria, anaona hapana njia nyingine. Anachukua visu viwili na kujihamisha pamoja na Picard hadi kwenye sayari iliyo chini yao, mahali penye mnyama mkali, ili wao wawili watende walichotenda Darmok na Jalad katika kisa cha kwao: wageni wawili waliofika kisiwani kila mmoja kivyake, wakapambana na adui mmoja, wakaondoka pamoja. Msaidizi wake mwenyewe anampinga, hasikii. Picard naye anadhani ameitwa kupigana. Anakataa kisu.

Huyo ndiye aitwaye bubu.

Nianze na hao wanaowekwa mbele yake. Khan aliingia mwaka 1967, akiigizwa na Ricardo Montalbán, akarudi katika filamu ya mwaka 1982. Sauti anayo, kifua anacho, kisasi anacho. Lakini muulize anataka nini. Hana jibu ila kutawala, na akishindwa, kulipiza. Q, aliyeufungua mfululizo wa Picard mwaka 1987 na kuufunga mwaka 1994, ni mcheshi, na John de Lancie alimwigiza kwa raha ya wazi. Hata hivyo mwenye uwezo wote hahatarishi kitu, isipokuwa katika kile kipindi kimoja alipovuliwa uwezo wake. Wote wawili huja kuwatazama binadamu kama paka atazamavyo panya. Katika filamu ile ya 1982 kuna jambo ambalo wapenzi wa Khan hulipita haraka: Paul Winfield huyuhuyu ndiye aliyeigiza Nahodha Terrell, ambaye Khan alimtia mdudu sikioni ili kuitawala akili yake, akamwamuru amuue Kirk. Terrell alijielekezea silaha mwenyewe. Basi linganisheni wageni hawa wawili wa mwigizaji mmoja. Khan huingiza mdudu sikioni mwa mtu. Dathon alikuwa akitafuta sikio.

Wapo pia wenzetu wachache ambao, kwa mapenzi ya lugha, humchagua yule zimwi wa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, The Man Trap, cha mwezi wa Septemba 1966. Zimwi lile hunyonya chumvi mwilini mwa watu, na hujigeuza sura. Lilipomkuta Uhura, ambaye jina lake latokana na neno letu “uhuru”, lilijigeuza kijana mtanashati likamsemesha kwa Kiswahili. Naam, lugha yetu iliingia katika tamthilia hiyo siku ya kwanza, na iliingia kinywani mwa zimwi! Wenzangu hushangilia. Mimi nilishtuka. Zimwi halikujifunza Kiswahili. Lilikichomoa mawazoni mwa Uhura, likakifanya chambo. Nyuma ya kila neno palikuwa na njaa ya chumvi. Kama kigezo ni kutamka maneno yetu, basi zimwi lina haki. Mimi kigezo changu ni kingine, ndiyo maana namwacha zimwi aliyesema Kiswahili, namshika Dathon ambaye hakusema hata neno moja la kwetu.

Hata hivyo nikiri kwamba sikio la Mswahili husisimka linapowasikia Watamaria. Salamu zao za kwanza zinawataja Rai na Jiri, na mahali paitwapo Ubaya, na pengine paitwapo Lungha. Vita vyao vina mtu aitwaye Uzani. Kushindwa kwao huitwa kwa jina la Shaka. Kuna hata watoto wa Kiazi, ambao nyuso zao zimelowa, na hapo wajukuu wangu walianguka kwa kicheko hadi nikalazimika kurudisha nyuma. Sidai kwamba mwandishi alifungua kamusi yetu. Nasema tu kwamba mgeni huyu alinifikia akiwa amevaa nguo ninayoifahamu.

Sasa nirudi kwenye shutuma yenyewe, kwamba kusema kwa visa si kusema. Mtoa shutuma ni mwalimu wa Kiswahili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Maana kama Dathon ni bubu, Fumo Liongo naye alikuwa bubu. Liongo alipofungwa gerezani, walinzi wakila mikate mizuri aliyoletewa na kumwachia ile ya wishwa, alimtungia mjakazi wa mama yake wimbo. Walinzi wale walikuwa Waswahili kama yeye. Walisikia kila neno. Hawakuhitaji mtambo wala kamusi, na hawakuambulia kitu. Mama alisikia tupa, akaioka ndani ya mkate wa wishwa, na minyororo ikakatwa. Niambie, mwanangu, ni nani aliyekuwa bubu gerezani mle, na ni nani aliyekuwa kiziwi?

Wala tusiende mbali hadi Liongo. Bibi anapita uani amejifunga kanga aliyoichagua asubuhi kwa makusudi, hakufumbua kinywa, na jirani wa pili amekwisha kujibiwa na anajua kajibiwa nini. Mtu katika mkutano akisema “tumerudi Kusadikika”, aliyekisoma kitabu hicho cha Shaaban Robert anawaona mara moja Karama kizimbani na Majivuno akimshitaki, na wale wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakarejea na habari njema, malipo yao yakawa mateso. Neno moja limebeba mashitaka mazima. Asiyekisoma husikia jina la nchi tu. Mtambo wa Enterprise ulikuwa mahali pa huyu wa pili.

Katika kipindi kile kuna sehemu ambayo mimi huitazama kwa aibu. Wakati Picard yuko chini na mnyama, Troi na Data wanaketi mbele ya kompyuta kutafuta maana ya maneno ya Watamaria. Na wanapata! Darmok ni mwindaji katika visasili vya sayari fulani. Tanagra ni kisiwa cha sayari hiyohiyo. Wamepata kila kitu kilichoandikwa, na bado hawawezi kumwambia Mtamaria hata “karibu”. Wanajua kwamba ni majina ya kisa, kisa chenyewe hawana.

Aibu yangu ni kwamba kompyuta hiyo nilikuwa mimi. Kwa zaidi ya miaka 30 nilisimama ubaoni nikagawa ubao sehemu mbili kwa chaki: kushoto fumbo, kulia maana. Simba, maana yake mtawala. Jahazi, maana yake nchi. Ua, maana yake mpenzi. Wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafaulu mtihani. Mwaka mmoja mvulana aliyekaa nyuma aliuliza, “Mwalimu, kama maana ni nchi, kwa nini mshairi hakusema nchi?” Nilimwambia aandike kama ilivyo ubaoni. Sikumpa jibu kwa sababu sikuwa nalo. Mshairi hakusema “nchi” kwa kuwa nchi haizami, haina tanga la kuchanika, haina nahodha aliyelala usukani ukivunjika, wala abiria wanaogombea chombo cha kuokolea. Ukiandika “nchi” upande wa kulia, umelitoa jahazi majini ukalianika. Mvulana yule alikuwa ameuliza swali la Picard, nami nikamjibu kwa sauti ya mtambo.

Ndiyo maana shutuma ya “bubu” inaponitoka kinywani mwa mwanafunzi wangu, najua ameitoa wapi. Ameitoa kwenye ubao wangu.

Wapo wanaobisha kwa hoja iliyo nzito zaidi, nami sitaikimbia. Wanasema: watu wanaosema kwa visa tu watajengaje chombo cha anga? Fundi atamwombaje mwenzake spana? Na mtoto atajifunzaje kisa cha Darmok kama hakuna maneno ya kawaida ya kumsimulia? Hoja ya spana nakubali kwamba mwandishi wa tamthilia hakuijibu. Alikuwa na dakika 45, alichagua mahali pengine pa kuzitumia. Lakini sikilizeni vizuri. Watamaria wanasema mikono, kuta, matanga, macho, mto wakati wa baridi. Maneno ya kawaida wanayo, ila hawaoni kwamba yanatosha yakisimama peke yake. Na kuhusu mtoto, tuwatazame wetu. Mtoto wa miaka mitano haelewi neno “unafiki”, wala huwezi kumfafanulia. Msimulie habari za sungura aliyeyakosa matunda akayasingizia ubichi, na kesho atamwita dada yake sungura, mahali panapostahili kabisa. Kisa kilitangulia, neno “unafiki” litakuja baadaye, dhaifu zaidi. Mwandishi Ian Bogost, katika makala ya mwaka 2014 kwenye jarida la The Atlantic, alikwenda mbali hata kusema kwamba kuiita lugha ya Watamaria sitiari ni kuipunja, kwa kuwa hawafananishi kitu na kingine bali hufuata mwenendo wa kisa kama mpango wa kutenda. Nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki, naona hakuwahi kukaa barazani na wazee wa pwani, ambao wakikutajia kisa hujui kama wanakufananisha au wanakuelekeza ufanye nini, na wao wenyewe hawaoni kwamba hayo ni mambo mawili.

Sasa tazameni mwisho wa mgeni wangu. Asubuhi mnyama anawajia. Picard anaanza kuelewa, anashika kisu, wanasimama bega kwa bega. Wakati huohuo Enterprise, kwa nia njema kabisa, inajaribu kumvuta nahodha wake arudi chomboni. Picard ananaswa katikati ya mwale, haendi wala harudi, huku anamwona mwenzake akiangushwa peke yake. Kilichomuua Dathon si mnyama tu. Ni haraka ya watu waliodhani wanaokoa kwa kuwa hawakuelewa kilichokuwa kikisemwa.

Usiku, jeraha likimla, Dathon anaomba kisa. Picard hana cha Kitamaria, basi anampa cha duniani: Gilgamesh mfalme wa Uruk, na Enkidu aliyetoka nyikani, waliopigana kwanza kisha wakawa ndugu, hadi Enkidu akafa. Anasimulia kwa sentensi fupifupi, majina na vitendo, kama Watamaria. Hamfafanulii maana, wala hagawi ubao. Na yule anayekata roho anafuata kila jina kwa macho, kwa sababu anajua yeye ndiye nani katika kisa hicho.

Picard anaporejea chomboni, vyombo viwili vimeelekezeana silaha. Anawajibu Watamaria kwa lugha yao, anawapa shajara ya nahodha wao, anawanyoshea kisu. Msaidizi, yule aliyempinga Dathon tangu mwanzo, anapokea shajara na kumwachia Picard kisu. Kisha anatamka sentensi ambayo haijapata kusemwa: Picard na Dathon huko El-Adrel. Hapo, mbele ya macho yetu, lugha ya Watamaria imezaa neno jipya, na neno hilo limegharimu mtu mmoja. Khan aliacha nini? Q aliacha nini ila mzaha? Watamaria wa baadaye wakitaka kusema “tulikuwa hatuelewani, sasa tunaelewana”, hawatakuwa na njia ila kumtaja aliyekufa.

Mwanafunzi wangu ameniahidi kuja tena Jumapili ya pili ya mwezi. Chai itakuwepo, na mihogo. Nimemwarifu kwamba sitamuuliza maana ya fumbo lolote. Atanisimulia kisa cha Liongo, kuanzia mkate hadi sindano ya kitovuni, bila kuruka, na wajukuu watakuwepo.