Vijana Wasikilizwe Mapema

NI kawaida katika familia nyingi kungoja ugonjwa wa akili ukomae ndipo msaada utafutwe. Kijana asiyelala usiku, mwenye hasira za ghafla au huzuni ya majuma mengi, huitwa mkorofi au mvivu. Kungoja huko ni kosa, hasa pale ambapo mzazi au ndugu yake anaugua baipola, yaani maradhi yanayomtoa mtu katika msisimko uliopita kiasi na kumtumbukiza katika huzuni nzito.

Huko Marekani, utafiti ulioongozwa na David Miklowitz na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia vijana 127 wenye umri wa miaka 9 hadi 17. Wote walikuwa na dalili za mwanzo, na jamaa mwenye ugonjwa huo. Baadhi yao, pamoja na wazazi wao, walikutana na mtaalamu mara 12 kwa miezi minne, wakajifunza kutambua dalili, kusikilizana na kumaliza ugomvi. Baada ya kupata nafuu, hao walikaa muda mrefu zaidi bila kuugua tena kuliko wenzao waliopewa mafunzo mafupi.

Ni kweli kwamba mazungumzo hayo hayakuthibitika kuuzuia ugonjwa wenyewe, wala hayachukui nafasi ya dawa pale zinapohitajika. Hata hivyo, miezi ya ziada ya utulivu si kitu kidogo katika maisha ya mwanafunzi. Wazazi na walimu, basi, wana wajibu wa kumsikiliza kijana na kumfikisha kwa mtaalamu mapema, badala ya kumkemea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.