Mgonjwa wa Kiharusi Asiachwe Kitandani

Askari aliye Moroto akipata habari kwamba mama yake, huko Masaka, ameangushwa na kiharusi, jambo la kwanza afanyalo ni kutuma fedha. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Fedha hulipa gari na dawa. Hazimgeuzi mgonjwa kitandani.

Yafaa ieleweke kwamba kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo. Si uchawi. Sehemu kubwa ya nguvu irudiyo hurudi katika miezi 3 ya kwanza, nayo yahitaji mazoezi. Jamaa waimalizao miezi hiyo kwa waganga humpotezea mgonjwa nafasi yake.

Kwa hiyo twawahimiza askari na polisi: mwendapo likizo, mfuateni mgonjwa hospitalini, mkafundishwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda. Aketishwe wima alapo, asipaliwe. Asivutwe kwa mkono uliolegea. Dawa ya shinikizo la damu aliyoandikiwa isikatizwe hata aonapo nafuu, kwani kiharusi cha pili huweza kufuata.

Nao makamanda twawaomba wasiione ruhusa ya namna hii kuwa ni uvivu. Kuruta hajui kwata kwa siku moja, wala mgonjwa hajifunzi kutembea kwa siku moja. Amtunzaye naye apokewe zamu, maana mlinzi asiyebadilishwa husinzia.