Kabla utume pesa ya sindano ya goti

Wasee, leo tuongee magoti. Najua wengi wenu bado mnapanda ngazi mbili mbili na mnaona hii ni stori ya wazee. Lakini pesa ya sindano ya mzee inatoka wapi? Inatoka kwa simu yako. Mathe anapiga, anasema goti limekataa, na kuna kliniki ameambiwa huko kanisani ukidungwa unatoka ukitembea. Kwa grupu ya familia mnaanza kuchanga. Hakuna mtu anauliza: sindano gani?

Msimamo wangu ni huu: kama unalipa, uliza. Sindano si mbaya. Shida ni kwamba hilo neno moja limebeba vitu kama vinne tofauti, na sisi tunavilipia kama kitu kimoja.

Kuna ile ya kemisti. Unaenda na shida ya goti, unadungwa kwa matako. Mara nyingi hiyo ni diklofenaki, dawa ya maumivu inayozunguka mwili wote. Inatuliza, kisha inaisha. Ukiifanya mazoea, tumbo na figo ndizo zitaumia.

Halafu kuna steroidi, inayodungwa ndani ya kiungo chenyewe. Hii inafanya kazi, tusidanganyane. Inashusha uvimbe, na nafuu inaweza kukaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Hata kwa bega lililokakamaa, lile ambalo mtu hawezi kuinua mkono avae sweta, inaweza kusaidia sana ikitolewa mapema. Noma ni kuirudia rudia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 140 wenye magoti yaliyosagika. Kundi moja lilidungwa steroidi kila miezi 3 kwa miaka 2, lingine likadungwa maji ya chumvi tu. Maumivu yakatoka karibu sawa, lakini waliodungwa steroidi walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, yaani ile sehemu laini inayozuia mfupa kusuguana na mfupa. Tena kama mzee wako ana ugonjwa wa sukari, hii sindano inaweza kuipandisha kwa siku kadhaa. Alielezwa?

Ya tatu ni asidi ya hayaluroniki, ile jeli wanaiita oili ya goti. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unawaambia madaktari wasiwape watu wenye viungo vilivyosagika.

Ya nne ndiyo inauzwa na matangazo mazuri zaidi: PRP. Wanakutoa damu, wanaizungusha kwa mashine, kisha sehemu yenye chembe za kugandisha damu inarudishwa kwa goti lako. Inasikika poa, juu ni damu yako mwenyewe. Lakini Australia walijaribu kwa watu 288, matokeo yakatoka 2021. Baada ya mwaka mmoja, waliodungwa PRP hawakuwa na tofauti ya maana, kwa maumivu wala kwa gegedu, na waliodungwa maji ya chumvi.

Sasa najua kuna mtu ameanza kuandika, "Wewe uliacha campo, umekuwa daktari lini?" Sijakuwa. Lakini kuuliza jina la dawa hakuhitaji digrii. Mathe wangu anauza mboga, anasimama kutoka asubuhi mpaka giza. Alipotajiwa bei ya sindano 3 kwa kliniki fulani, niliuliza swali moja tu: ni dawa gani? Aliyekuwa kwa simu akaniambia ni "ya kulainisha". Kulainisha si jina la dawa. Hatukutuma pesa.

Kuna wengine watasema mathe anaumia leo, na fizio inachukua wiki nyingi. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana sisemi sindano ikataliwe. Mtu akishindwa hata kuinama, steroidi moja iliyodungwa vizuri inaweza kumpa nafasi ya kuanza mazoezi. Lakini mazoezi yenyewe lazima yafuate. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Marekani ulilinganisha fizio na sindano ya steroidi kwa watu 156 wenye goti lililosagika. Baada ya mwaka, waliofanya fizio walikuwa na maumivu kidogo na walijiweza zaidi. Uzito pia unahesabika: kwa mtu mnene, kila kilo 1 anayopunguza inaondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Hakuna kliniki itakuwekea hiyo kwa bango, juu haina faida kwao.

Na nyinyi mnaocheza mashindano ya mtaa, msicheke wazee. Kuna makocha wanataka mchezaji adungwe ndio acheze fainali. Steroidi ikidungwa kwa kano inaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika. Ukicheza na goti ambalo limezimwa maumivu, hutajua likiharibika zaidi. Kombe la mtaa litachezwa tena mwaka ujao. Goti lako la kulia ni moja tu.

Kwa hivyo kabla hujatuma, uliza haya. Dawa inaitwaje? Nani anadunga, na jina lake liko kwa rejista ya KMPDC? Hiyo unaangalia mtandaoni, bure. Hii ni sindano ya ngapi mwaka huu kwa kiungo hicho? Kama ni steroidi, madaktari wengi hawapiti 3 au 4. Na baada ya sindano, mpango ni gani? Wakikosa jibu la hiyo ya mwisho, wanakuuzia nafuu ya muda kwa bei ya tiba.

Kitu kingine: mtu akidungwa halafu kiungo kiwe chekundu, kivimbe, kiwe moto au ashikwe na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hutokea mara chache, lakini maambukizi ndani ya kiungo hayangojei Jumatatu.

Leo jioni piga simu nyumbani. Uliza mzee alidungwa nini mara ya mwisho. Kama hakuna mtu kwa hiyo nyumba anajua jina, basi mmeshapata pa kuanzia.