BARABARA INA MIZANI, MGONGO HAUNA

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita hapa kwetu Ihanda, na kila msomaji wa jarida hili ajua ya kuwa gari la mizigo haliachwi kuipita barabara hiyo bila ya kupimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwetu mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kuliko yote pamoja na mzigo wake. Anayezidisha hutozwa, wala hasikilizwi akijitetea ya kuwa gari lake lina nguvu. Sababu yake ni njema: barabara ni mali ya watu wote, imejengwa kwa fedha nyingi, na ikibonyea leo haitanyooka kesho kwa maneno matupu.

Sisi hatuna ugomvi na sheria hiyo. Tunalouliza ni hili: mtu yule aliyelipakia gari, gunia baada ya gunia, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, ni nani aliyempima yeye? Kahawa hupimwa kabla ya kununuliwa. Dhahabu hupimwa. Hata Kimondo cha Mbozi, jirani yetu, jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, wataalamu wamekwisha kulikadiria uzito wake. Katika vitu vyote vinavyobeba au kubebwa katika wilaya hii, ni mgongo wa mwanadamu tu usiokuwa na mizani.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo yatuhusu sana sisi watu wa kalamu. Tukaapo mezani twaandika idadi ya magunia yaliyoingia na yaliyotoka, na hesabu yetu huwa sahihi. Lakini hatuandiki magunia hayo yalipita juu ya mabega ya nani, wala mabega hayo yana umri gani. Basi tumeona yafaa tuliandike jambo hili, si kwa kumlaumu mtu, bali kwa kuwa wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha iliyotoka katika mabega hayo hayo.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Hapa Ihanda, kama katika sehemu nyingi za Mbozi, mtu huzaliwa katika jembe. Wanyiha wa zamani walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yao wenyewe, na mpaka leo jembe la mkono halijaondoka shambani. Mkulima huinama kulima, huinama kupalilia, huinama kupanda mahindi na maharage. Kahawa ikiiva huchumwa punje kwa punje. Hubebwa kupelekwa kwenye mashine ya kumenyea, ambayo katika nyumba nyingi huzungushwa kwa mkono. Huoshwa, huanikwa, hugeuzwa, kisha hufungwa na kubebwa tena. Mama, baada ya kuifanya kazi hiyo sawasawa na mumewe, huongeza maji na kuni. Na kule Tunduma, mpakani, wako vijana ambao chombo chao cha kazi ni mwili wao peke yake, nao ndio makuli wanaopakia na kupakua.

Watu wengi hudhani ya kuwa mwili hukomaa kwa mizigo kama vile kiganja kinavyoota sugu. Kwa misuli kuna ukweli ndani yake, lakini kwa uti wa mgongo na magoti sivyo. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini mfano wa mito midogo, vinavyozuia mfupa usisagane na mfupa. Mito hiyo haipati damu nyingi, kwa hiyo ikiumia hupona polepole mno, na mara nyingine haiponi kabisa. Tena, mtu akiinama kuokota mzigo ulio mbali na kiwiliwili chake, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na nguvu yote hiyo huzigandamiza zile pingili za kiunoni. Kadhalika gegedu ya goti, ikiisha kulika, hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Na wanawake wabebao mizigo mizito miaka mingi wamo katika hatari zaidi ya kushuka kwa kizazi, maradhi ambayo wengi huyaficha kwa haya mpaka kaburini.

Maumivu hayo hayaji siku ile ya kubeba. Kijana wa miaka 22 hubeba, hulala, akaamka mzima. Na kwa sababu ameamka mzima yeye na tajiri wake huamini ya kuwa hakuna kilichopotea. Deni limeandikwa, lakini litadaiwa akifika miaka 45 au 50, wakati ambapo tajiri yule hayupo tena wala hamkumbuki. Tukiwatazama wazee wetu ambao hawawezi tena kunyoosha kiuno, twasema ni uzee. Si uzee peke yake. Wako wazee wa umri ule ule waliofanya kazi ya kukaa, nao wanatembea wima.

Wengine hujibu ya kuwa Mwafrika ameumbwa kubeba, na mama zetu hubeba kichwani bila ya kuchoka. Jambo hilo limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wataalamu wenzake walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao kwa mshipi upitao kwenye paji la uso. Waliona ajabu: mwanamke aliweza kubeba mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzito wake bila ya kutumia pumzi zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Huu ni ustadi mkubwa, na twaweza kujivunia. Lakini tusome mpaka mwisho: mzigo ulipopita kiasi hicho, gharama ilianza kupanda. Kwa mwanamke wa kilo 60, sehemu moja katika tano ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Basi hata kwa mabingwa hawa, ndoo ya kila siku imekwisha kupita kikomo.

Wengine watasema, babu zetu walibeba zaidi. Tuwaulize wenye historia. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, aliyekwenda kwa miguu toka pwani mpaka Tabora na Ujiji, alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Safari yake ilikuwa ndefu mno, hilo ni kweli, na wengi walifia njiani. Na katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa katika nchi hizi, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limebaki kuwa ukumbusho wa kikosi chao. Lakini hata misafara, pamoja na ukali wake, ilijua ya kuwa mzigo una kipimo. Leo, katika nchi huru, kijana hutwikwa gunia la kilo 100, na likiwa lumbesa, yaani lililoongezewa kilemba juu, huzidi hapo.

Kwa nini gunia limekuwa kubwa hivyo? Si kwa sababu mahindi yanapenda kukaa pamoja. Ni kwa sababu mahali pengi bei hupatanwa kwa gunia, nauli kwa gunia, na ujira wa kuli kwa gunia. Basi mwenye kununua akiongeza debe moja juu amepata faida mara tatu: mkulima amempunja, mwenye gari amempunja, na kuli amempunja. Wawili wa kwanza wamepunjwa fedha, na fedha hutafutwa tena. Wa tatu amepunjwa mwili.

Sheria ya Vipimo na kanuni zake imekataza kufungasha mazao ya shambani kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupita mara kwa mara kuikumbusha. Twashukuru. Lakini kanuni hiyo imewekwa kwa kumlinda mkulima asiibiwe. Haikuwekwa kwa kumlinda mchukuzi asivunjike. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilishauri ya kuwa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55. Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019, waliweka mfuko usiozidi kilo 50. Kwa hiyo hatuombi jambo lisilowahi kuonekana chini ya jua.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55 na kwa lazima akitimiza 60, na mfuko wa PSSSF humlipa pensheni mpaka mwisho wake. Mwajiriwa akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, upo. Lakini kuli alipwaye kwa gunia, leo na huyu, kesho na yule, atamtaja nani kuwa mwajiri wake? Na mkulima aliyejiajiri katika ekari mbili za kahawa atadai fidia ya mgongo wake kwa nani? Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Zilikuwa fedha ndogo, lakini ndani yake mlikuwa na maneno makubwa: kwamba aliyelima naye alitumikia nchi. Huku Bara tungali twangoja neno kama hilo.

Twajua litakalosemwa: ukipunguza gunia, kuli atapungukiwa na ujira. Sivyo, ikiwa ujira utahesabiwa kwa kilo. Tani moja ni tani moja, ikiwa ni magunia 10 au mifuko 20. Kitakachobadilika ni kwamba mchukuzi atafika nyumbani jioni na kiuno chake.

Yapo yaliyo katika uwezo wetu bila ya kungoja sheria mpya. Tulio katika maghala, masoko na vizuizi vya ushuru, tusipokee lumbesa, hata kama mwenye mzigo ni rafiki au mtu mkubwa. Tulio katika halmashauri, tulete shauri la kupatana ujira wa kupakia kwa kilo. Tulio karibu na vyama vya ushirika vya kahawa, tuwaeleze wanachama ya kuwa NSSF hupokea pia waliojiajiri wenyewe, na tuwasaidie kujaza fomu, maana kujaza fomu ni kazi tunayoijua. Na tulio na mashamba yetu nyumbani, ambayo ndugu zetu huyalima tukiwa ofisini, tuanze kwa mifuko ya kilo 50 katika mavuno yajayo, ili tusiwe wahubiri wa neno tusilolitenda.

Twaomba tawi letu liliweke jambo hili katika mashauri ya mkutano ujao, nalo liandikwe katika kumbukumbu pamoja na majina ya waliokubali kulisimamia.