Stelingi inalia, wao wanasema "iko poa"

Leo naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitoko, tuzungumzie kitu ambacho kimewatoa jasho washikaji wengi hapa Bongo. Gari inalia ukikata kona, unaipeleka kwa wenyewe waliokuuzia, unarudishiwa na tabasamu, na wiki mbili baadaye inalia tena. Bwana wee, hiyo ni noma!

Nyie wa daladala msifunue ukurasa mwingine. Leo huna gari, kesho Mungu akijaalia utakuwa nayo. Na kama siyo wewe basi shemeji yako anayo, na lifti huwa unaomba.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu tukifika gereji tunasema "fundi, stelingi inalia", basi, tumemaliza. Ni sawa na kwenda hospitali ukamwambia daktari "naumwa" halafu ukanyamaza. Sauti za stelingi ni nyingi na kila moja ina lake la kusema.

Ikipiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia pale unapokata usukani hadi mwisho, mara nyingi mkanda wa pampu umelegea au umechoka. Ikiguna "nguuu" kila ukizungusha, cheki oili ya stelingi, huenda imepungua au imeingia hewa. Hiyo ni kwa gari zenye pampu ya oili. Gari nyingi za siku hizi stelingi yake inasaidiwa na mota ya umeme, kwa hiyo usimkubalie fundi anayetaka kukuuzia oili isiyo na pa kumiminwa. Ikilia "ka-ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta, mshuku sivi jointi. Ikigonga "ko!" kwenye mashimo, waulize tairodi endi, boljointi na bushi. Na ikitoa "twang!" kama spiringi ya kitanda cha gesti, hata gari ikiwa imesimama, basi mtazame beringi ya juu ya shokapu.

Huyo wa mwisho ndiye aliyetutesa sisi.

Dada yangu anapika keki za harusi na vyakula vya sherehe pale Sinza. Alichukua mkopo benki akanunua gari mpya kabisa kwa wakala mmoja wa hapa mjini, jina naliweka kapuni. Alipewa dhamana ya miaka mitatu. Mwenzenu ndiye dereva wake wa Jumamosi. Hebu pata picha: keki ya ngazi nne iko nyuma, bibi harusi anasubiri ukumbini, na stelingi inapiga "twang!" kila kona. Mkopo bado unalipwa, na gari ikigoma hakuna oda wala rejesho.

Mwezi Machi dada akaipeleka. Kijana wa mapokezi, tai shingoni, akamwambia: "Dada, hiyo kawaida, gari ikizoea barabara itaacha." Miaka miwili na nusu bado inazoea! Mwezi Mei akarudi, wakapaka grisi, ikanyamaza siku kumi na mbili. Mwezi Agosti wakabadilisha tairodi endi zote mbili. Safari hiyo haikufika hata Magomeni, ikaanza tena.

Kilichokuwa kinaudhi zaidi ni kwamba ikifika kwao inanyamaza kama mtoto aliyemwona mwalimu mkuu. Kumbe siyo uchawi. Uani kwao pamesakafiwa vizuri, na gari inafika imeshapashwa moto na foleni. Fundi anaizungusha nusu raundi, hasikii kitu, anaandika "haina tatizo". Sauti yenyewe ilikuwa inatoka asubuhi, gari imelala usiku kucha, ukikata kulia hadi mwisho. Nani aliwahi kuwaambia hilo? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mwezi Septemba dhamana ikaisha. Siku tisa baadaye tukawa tena kaunta, na yule jamaa wa tai akatoa karatasi ya bei. Kiasi kilichoandikwa pale kilikuwa sawa na oda mbili za keki za harusi. Hapo ndipo dada alipofungua bahasha.

Dada yangu hatupi karatasi. Risiti ya unga anayo, risiti ya mayai anayo. Na kadi za kazi za gereji alikuwa nazo zote tatu, kila moja ina tarehe, kilomita, sahihi yao, na maneno "mteja analalamika sauti kwenye stelingi". Hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Alisema hivi: "Kaka, sijaleta tatizo jipya. Nimeleta lile lile mlilolipokea Machi, Mei na Agosti, dhamana ikiwa hai. Mlilipokea, hamkulimaliza. Naomba kuonana na mkuu wa gereji."

Mimi nikawasikilizisha sauti niliyoirekodi kwenye simu alfajiri, gari ikiwa imesimama getini. Jamaa wa tai akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Tukaomba gari ilale pale pale, wakaisikilize asubuhi kabla haijawashwa na mtu. Kesho yake saa mbili tulikuwepo. Mkuu wa gereji ni mzee wa makamo, ovaroli imelowa oili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nani anaijua hiyo sauti? Apande."

Nikapanda. Akaingiza mkono nyuma ya tairi la kushoto, akashika spiringi ya shokapu, akaniambia nikate kulia taratibu. Twang! Akatoa mkono, akacheka. "Imeruka mkononi mwangu kabisa. Beringi hii imekufa."

Akatueleza kwa lugha ya watu. Ukikata usukani, spiringi ya mbele inatakiwa izunguke pamoja na tairi, na beringi iliyoko juu ndiyo inayoiruhusu. Vumbi na maji vikiingia, beringi inakwama. Spiringi inajikunja, inajikunja, halafu inaruka ghafla. Ndiyo ile sauti. Grisi ya juu juu inainyamazisha kidogo tu, na tairodi zilikuwa hazina kosa lolote. Muda aliotumia haukuzidi dakika kumi.

Wakabadilisha beringi pande zote mbili na kupima alaimenti, wala hatukulipa hata senti tano. Dada akaomba aonyeshwe zile za zamani. Zilikuwa na kutu na mchanga, ukizizungusha zinasaga kama kinu. Halafu akamwomba mzee waende naye barabara ya vumbi, yenye mashimo, siyo ya lami tu. Wakaenda. Sasa ni mwezi wa nne, kimya.

Kwa hiyo mshikaji, ukiuziwa gari yenye dhamana, shika haya. Siku ya kwanza tu sauti inapotokea, ipeleke na uandikishwe, hata wakisema ni kawaida. Usiondoke bila nakala ya kadi ya kazi. Lalamiko lako la mdomo linaishia mlangoni, ila lililoandikwa linakungoja mpaka siku ya kasheshe. Waambie ni saa ngapi inalia, upande gani, imesimama au inatembea, ikiwa ya baridi au ya moto. Fundi apande na wewe mpaka aisikie kwa masikio yake, kabla hajashika spana. Na usimwite fundi wa chini ya mwembe aifungue kabla dhamana haijaisha, maana watapata sababu ya kukukana.

Wakikuzungusha, mwandikie barua meneja, ubaki na nakala. Akinyamaza, ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, na huko nako watataka karatasi.

Na jambo moja halina utani. Sauti ikija pamoja na usukani kuwa mzito ghafla, kucheza mkononi, au gari kuvuta upande mmoja, usisubiri miadi. Paki. Boljointi ikichomoka tairi linalala upande, na hapo hutakuwa na usukani tena.

Kwa leo naishia hapa. Juma lijalo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi, panapo majaaliwa. Nawatakia wikiendi njema, na ukikata kona leo jioni, zima redio kidogo usikilize.